Mkunga Aliyeulizwa Lugha Yake

Mji wetu wa Storovatz ulikuwa na watu elfu nne na mia moja, makanisa manne, masinagogi mawili, vyumba vitatu vya kusomea magazeti ambamo hakuna aliyesoma, na mkunga mmoja. Kulikuwa na Warutheni, Waromania, Wajerumani, Wayahudi, Wapoland, familia nne za Waarmenia wauza ng'ombe, na Mhungaria mmoja aliyekuja kununua farasi akaishia kuoa. Serikali ya Vienna ilitutawala sote kwa matangazo ya lugha tatu yaliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wilaya: Kijerumani juu, Kiromania katikati, Kirutheni chini. Mbuzi wa sokoni walianza kuyala kutokea chini, ndiyo maana kila mwaka Warutheni walikuwa na malalamiko.

Mkunga aliitwa Ahafia Kipper. Baba yake alikuwa Mrusi wa imani ya kale, mmoja wa wale wenye ndevu hadi kifuani, aliyezunguka vijijini na mkokoteni wa matufaha na matango ya chumvi. Mama yake alikuwa Mromania wa milimani. Kipindupindu kilipowachukua wote wawili katika wiki moja, Ahafia alilelewa na Waarmenia, na alipokua aliolewa na Kipper, Mjerumani fundi magurudumu. Kipper alidumu miaka sita tu, akaangukiwa na gari alilokuwa akilitengeneza. Hawakupata mtoto. Ahafia alikuwa akisema kwamba watoto wa wenzake walimchosha kiasi cha kutosha.

Mwaka 1877, akiwa na miaka ishirini na minne, mji ulimpeleka kwenye shule ya wakunga kule Chernovitz. Alirudi na mkoba mweusi, cheti chenye tai wa vichwa viwili, na kitabu kikubwa kama mlango wa kabati. Kanuni ilimtaka aandike humo kila mtoto aliyempokea: siku, saa, mama, baba, mtoto alivyokaa tumboni, na alivyotoka. Safu ya mwisho iliitwa Maelezo, na juu ya kila ukurasa serikali ilikuwa imepiga chapa: "Safu yoyote isiachwe wazi."

Hakuna aliyemwambia aeleze nini. Wakunga wengine wa jimbo waliandika "hakuna" kisha wakaenda kulala. Ahafia aliona huo ni uongo, maana alikuwa hajawahi kuingia chumba cha uzazi akakosa maelezo. Mficha uchi hazai, na wanawake wa Storovatz hawakumficha kitu. Basi aliandika: walisema nini, kwa lugha gani, bibi yupi aligombana na bibi yupi, mtoto alifanana na nani. Daktari wa wilaya alikitia sahihi kitabu mara moja kwa mwaka, sigara mdomoni, bila kukisoma. Kwa njia hiyo maelezo ya miaka thelathini na mitatu yakawa waraka halali wa serikali.

Cheo cha mkunga wa mji kilikuja na nyumba. Ilikuwa ya vyumba viwili, karibu na kinu cha kusagia, yenye jiko la vigae na boriti nyeusi katikati ya dari. Alikaa humo maadamu ana cheo. Hakuwa na kingine chochote duniani isipokuwa mbuzi mmoja. Siku ya pili ya Krismasi ya kalenda ya zamani, akina mama wote aliowazalisha walimletea mikate ya kusuka pamoja na watoto wao, naye aliwainua watoto mmoja mmoja hadi vichwa vikagusa boriti, ili wakue warefu. Ulikuwa mwiko kutomtembelea mkunga siku hiyo. Walikuja Warutheni na Waromania, ambao siku ilikuwa yao, na Wajerumani na Wayahudi, ambao haikuwa yao, lakini nani anataka mtoto mfupi?

Sensa ilikuja mwisho wa mwaka 1910. Baba yangu, Wenzel Wondraschek, karani wa pili wa wilaya, ndiye aliyepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na fomu. Fomu iliuliza mambo mengi, lakini watu walijali swali moja tu, lugha ya matumizi ya kila siku. Jibu liwe moja, na litoke kwenye orodha iliyochapishwa. Baba alikuwa amezaliwa Bohemia. Aliongea Kicheki na farasi, na barua kwa mama yake aliandika kwa Kicheki, lakini kwenye fomu yake mwenyewe alijaza Kijerumani bila kusitasita, kwa sababu karani wa kwanza alikuwa anakaribia kustaafu. Mama yangu, ambaye ni Mpoland, alimtazama akijaza, akamwongezea supu.

Nyumba ya tatu aliyoingia ilikuwa ya Salo Ehrenfeld, fundi saa na diwani, mzee wa miaka sitini. Mzee alimwambia kwamba nyumbani wanaongea Kiyidi, lugha ya Wayahudi wote wa mji. Baba alimweleza kwamba Kiyidi hakimo kwenye orodha.

"Hakimo," alisema mzee. "Sasa hivi tunaongea nini na mke wangu?"

"Kisheria, Kijerumani."

"Umesikia, mama watoto? Miaka thelathini na minane tunagombana kwa Kijerumani, na hakuna aliyetuambia."

Akaandikwa Mjerumani. Aliyefurahi ni Adalbert Zipser, mwenye kiwanda cha bia na mwenyekiti wa klabu ya Wajerumani. Klabu hiyo haikuwahi kumruhusu Ehrenfeld avuke kizingiti chake. Ila mara moja kila miaka kumi Zipser alimpenda kama ndugu, mpaka fomu zikusanywe.

Klabu nyingine mbili zilikuwa na wenyeviti wao. Ya Waromania iliongozwa na wakili Zaharia Percec, kijana wa miaka thelathini na mitatu mwenye masharubu yaliyopakwa nta. Ya Warutheni iliongozwa na mwalimu mkuu Osyp Hnatyshak, ambaye aliamini kwamba hata mto Sereth unatiririka kwa Kirutheni. Wote watatu walikuwa madiwani. Vuli hiyo walikuwa wamepitisha azimio moja: baada ya sensa, cheo cha mkunga wa mji kitangazwe upya na kupewa mwanamke wa taifa lenye watu wengi zaidi, ili akina mama wazae kwa heshima ya taifa lao. Percec alikuwa na mpwa aliyetoka shule ya wakunga majuzi. Hnatyshak alikuwa na shemeji. Zipser hakuwa na mtu, ila aliamini kwamba Wajerumani wakishinda, Vienna italeta.

Hivyo Ahafia, akiwa na miaka hamsini na saba, alielezwa kwa adabu kwamba kufikia masika anaweza kuwa hana kazi wala paa. Pia alielezwa, na kila mwenyekiti kwa wakati wake, kwamba mambo yangekuwa mepesi kama yeye mwenyewe angejiandikisha upande unaostahili.

Zipser alimtuma mtumishi na kasha la bia. Hnatyshak alikuja na mfuko wa plamu kavu, akakaa saa nzima akimfafanulia asili ya jina lake. Percec alikuja na sukari, akamwita "mama yetu", akasema damu ya mama ndiyo damu, na mama wa Ahafia alikuwa Mromania safi, kwa hiyo akubali tu.

Ahafia alimsikiliza huku akikoroga ugali wa mahindi. Alimjibu kwa Kiromania kizuri kuliko cha wakili.

"Zaharia mwanangu, wewe ulikuja duniani makalio mbele. Nilihangaika na wewe tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Naona mpaka leo hujageuka."

Percec alicheka kama mtu anayelipwa kucheka, akauliza basi ataandika nini.

"Nitasema ukweli," alisema Ahafia.

Alikuwa amewajibu hivyo wote watatu, na kila mmoja alikwenda zake ameridhika, maana kila mmoja aliamini kwamba ukweli ni mwanachama wa klabu yake.

Kazi ya baba ilikuwa ngumu zaidi. Yeye alimhesabia mfalme watu, na wenyeviti walipita nyuma yake kuwahesabu tena. Mwenye kinu aliwaambia Waromania yeye ni Mromania, Warutheni akawaambia ni Mrutheni, na Zipser aliponunua shayiri yake akawa Mjerumani. Wiki ya kwanza ya Januari klabu tatu zilileta orodha zao ofisini. Baba alizijumlisha mezani kwetu mara nne. Storovatz, mji wa watu elfu nne na mia moja, ulikuwa na Waromania, Warutheni na Wajerumani elfu tano na mia tisa, bila kumgusa Mpoland wala Mwarmenia. Mama alisema labda wengine wamesimama juu ya mabega ya wenzao.

Mkuu wa wilaya, mtu aliyechukia kelele kuliko uasi, aliliamuru baraza la mji likutane na kumaliza ugomvi. Hapo ndipo Percec alipopata wazo lake kubwa. Alisimama akasema kwamba mji unao waraka mmoja usiopinda, wenye mhuri wa serikali, wenye sahihi ya daktari kila mwaka, unaoonyesha kila mtu alizaliwa na nani. Kisomwe kitabu cha mkunga. Hnatyshak alikumbuka bibi za Kirutheni waliojaa mjini, akaunga mkono. Zipser alikumbuka mafundi wa Kijerumani waliojaa mjini, akaunga mkono. Ukiacha azimio la vuli, ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja wakakubaliana, na ingefaa jambo hilo liwashtue.

Kikao kiliwekwa tarehe nane Januari, kwa sababu kalenda ya ofisi ilionyesha siku hiyo haina kitu. Kalenda ya ofisi ilikuwa ya Vienna. Kwa kalenda ya zamani ilikuwa siku ya pili ya Krismasi.

Akina mama walifika nyumbani kwa Ahafia asubuhi na mikate yao, wakakuta mlango umefungwa na mbuzi ndani. Jirani akawaambia mkunga kaitwa barazani kunyang'anywa nyumba. Si ndivyo alivyoitiwa hasa, lakini hakukosea sana. Wanawake wakashauriana kidogo kwenye theluji, kisha wakamfuata. Waliingia ukumbini wapatao mia moja, na mikate, na watoto, na viatu vyenye theluji, wakajipanga ukutani chini ya picha ya mfalme. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao, nimeshika sketi ya mama. Mkuu wa wilaya aliuliza hawa ni nani. Baba akamjibu kwamba, kadiri anavyoelewa, ni taifa.

Ahafia aliweka kitabu mezani, kimefungwa kwa kitambaa cha meza. Vilikuwa vitabu vitatu vilivyoshonwa pamoja.

"Wanangu," aliwaambia madiwani, "hiki nilikiandika kwa amri ya serikali. Safu yoyote sikuiacha wazi. Mna hakika mnataka kisomwe?"

Percec alisema haki haiogopi kusomwa. Akataka kianzwe ukurasa wa kwanza, bila upendeleo, na kisomwe chote, pamoja na Maelezo.

Baba ndiye aliyekuwa msomaji. Alikuwa na sauti ya ofisi, ile isiyo na mlima wala bonde, inayosoma hukumu ya kifo na bei ya chumvi kwa namna moja. Wa kwanza, wa pili na wa tatu walikuwa wameshakufa. Akafika wa nne.

"Oktoba 1877. Mtoto wa kiume, Zakhar. Makalio mbele. Mama, Paraska Perchuk, muosha nguo. Baba, Perchuk, mchoma makaa. Maelezo: nyumba hii haijui neno la Kiromania hata moja. Mama anaomba mtoto asome, asije akachoma makaa. Nimemwambia ana mapafu ya wakili."

Vichwa vyote vikamgeukia Percec. Inabidi niseme hapa kwamba mama yake Percec alikuwa hai. Alikaa chumba cha nyuma katika nyumba ya mwanawe, na wageni wa klabu waliambiwa kwamba mzee ni kiziwi, hivyo wasijisumbue kumsalimu. Lakini alikuwa amezalishwa na Ahafia, na siku ilikuwa siku yake, na hakuna anayeweza kumkataza mwanamke kupeleka mkate kwa mkunga.

"Niko hapa," alisema Paraska kutoka ukutani, kwa Kirutheni cha mtoni kabisa. "Mbona mnanisoma kama marehemu?"

Wanawake walianza kucheka chinichini, kisha si chinichini. Mmoja alimuuliza kumbe masikio yamepona lini. Paraska alisema tangu asubuhi, alipofunguliwa mlango.

Hnatyshak alikuwa amefurahi mno hata akasahau kuogopa. Alisimama akadai usomaji uendelee, kwa jina la sayansi. Baba akaendelea. Wa kumi na tisa alikuwa Hnatyshak.

"Machi 1878. Mtoto wa kiume, Jozef. Kichwa kikubwa. Mama, Ileana, Mromania. Baba, seremala Mpoland kutoka Krakow, haelewi mke anasema nini, mke haelewi mume anasema nini, wanapendana. Maelezo: amebatizwa mara mbili siku moja, kwa sababu bibi wawili hawakukubaliana kanisa. Mara zote mbili alilia."

"Mwalimu," aliita mwanamke mmoja mwenye mkate kichwani, "mto unatiririka kwa lugha gani?"

Hnatyshak alikaa. Baba alilowesha kidole, akafunua ukurasa. Wa ishirini na sita, alisema, Aprili 1878, mtoto wa kiume, Adalbert, nyumba ya kiwanda cha bia. Zipser tayari alikuwa amesimama. Alisema kwa maoni yake kikao kimesikia vya kutosha, na kwamba joto ukumbini limezidi.

Salo Ehrenfeld, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, alitoa saa yake mfukoni, akaitazama kwa makini.

"Endelea tu, Bwana karani," alisema. "Muda tunao."

Baba hakuendelea. Alimtazama mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya aliitazama dari. Percec akapata sauti yake. Alisema, kwa Kijerumani safari hii, kwamba kitabu hiki kina siri za familia zinazolindwa na sheria, na anapendekeza kifungwe, kitiwe lakiri, kisifunguliwe tena na mtu yeyote.

"Vizuri, mwanangu," alisema Ahafia. "Lakini kanuni ya kumi na nne inasema kitabu ni mali ya cheo. Ukinitoa, inanipasa nimkabidhi mkunga mpya wazi, bila lakiri. Naye atasoma. Mpwa wako hodari wa kusoma, nilimfundisha mimi mwenyewe. Au atakuwa shemeji yake mwalimu. Nasikia anapenda hadithi."

Aliyasema bila ukali wowote, kama mtu anayeeleza namna ya kufunga kitovu. Kisha akakifunika kitabu chake na kitambaa, akasubiri.

Azimio lilipita kwa kura zote, na baba yangu alishindwa kuandika upesi kama walivyokuwa wanapitisha. Bibi Ahafia Kipper anathibitishwa kuwa mkunga wa mji kwa maisha yake yote, pamoja na nyumba, pamoja na kuni za majira ya baridi, ambazo hakuwa ameziomba. Kitabu kinabaki kwake, ndani ya sanduku lake. Ugomvi wa sensa unamalizwa kwa kukubali hesabu ya karani jinsi ilivyo. Mkuu wa wilaya alitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kula.

Wanawake walimrudisha Ahafia nyumbani, na watoto wakainuliwa kwenye boriti mpaka giza likaingia. Paraska Perchuk, mwenye miaka zaidi ya sitini, alidai naye ainuliwe kwa kuwa amekuwa akifupishwa kwa muda mrefu. Walimwinua wanne.

Fomu moja tu ilikuwa haijajazwa, nayo ilikuwa ya mkunga. Baba alikwenda kesho yake, amechoka, akamuuliza lugha ya matumizi ya kila siku. Ahafia alisema aandike nne. Baba alisema fomu inataka moja. Ahafia alisema basi achague yeye aliyesoma, mradi asiache safu wazi. Baba alikaa akifikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Maagizo yalitaka lugha ambayo mtu anaitumia na wale anaoishi nao, na Ahafia aliishi na mbuzi. Mbuzi alikuwa amenunuliwa kwa Wajerumani wa ng'ambo ya mto, na aliitika akiitwa kwa Kijerumani tu. Baba akaandika Kijerumani. Klabu ya Zipser ilimpelekea mkunga kasha jingine la bia, na lile la kwanza alikuwa bado hajalimaliza kuoshea nywele.

Miaka minane baadaye serikali ya Vienna haikuwepo tena. Tai alishushwa, likapandishwa jina jipya na bendera mpya, na matangazo yakawa ya lugha moja, Kiromania, nayo mbuzi waliyala kwa wepesi zaidi. Percec akawa meya. Fomu mpya ilikuja, na swali lilikuwa lilelile, ila sasa jibu lilijulikana kabla ya kuuliza. Meya aligusa mambo mengi mjini, akabadilisha majina ya mitaa, akawafukuza walimu, Hnatyshak wa kwanza. Nyumba iliyo karibu na kinu hakuigusa. Kila vuli kuni zilifika kabla ya baridi.

Ahafia alikufa mwaka 1926, chini ya boriti yake. Mji ulimzika kwa haraka isiyo ya kawaida na kwa heshima isiyo ya kawaida, makasisi watatu na kantori, mwimbaji wa sinagogi, na kwa agizo la meya kitabu kiliwekwa jenezani chini ya kichwa chake. Meya mwenyewe alisimama akihakikisha misumari inaingia.

Mimi nilikuwa nimeshakisoma. Nilirudi kutoka chuo kikuu miaka miwili kabla, nikawa ninamsomea magazeti jioni, kwa sababu macho yake yalikuwa yameisha, na siku moja aliniambia nifungue sanduku nitafute ukurasa wangu. Niliutafuta. Mama, Mpoland, mvumilivu. Baba, karani. Msichana, mdogo, hakulia mpaka alipomaliza kututazama wote.

Halafu Maelezo. Alikuwa ameandika kwamba Bwana karani hakuingia chumbani, alitembea ukumbini tangu mchana, na kila mke wake alipopata uchungu yeye alihesabu kwa sauti mpaka uchungu ulipopita. Alihesabu vizuri, bila kuruka namba. Kwa Kicheki.